Injini Ikizimika Ziwani: Somo la Fizikia Lililosahauliwa Mwaloni

Yeyote aliyewahi kusafiri kwa mtumbwi wa injini kutoka pwani ya Muleba kuelekea Kisiwa cha Bumbire, au kutoka Bukoba mjini kuvuka hadi Musira, anafahamu kwamba ziwani kuna kimya cha aina mbili. Kimya cha kwanza ni cha maji yaliyotulia, nacho hakimtishi mtu. Kimya cha pili hujia ghafla, injini inapokohoa mara mbili tatu, ikapunguza mwendo, kisha ikazimika mbali na nchi kavu. Hapo nahodha huvuta kamba ya kuwashia mara kumi, mara ishirini. Mawimbi huanza kuugeuza mtumbwi ubavu, na abiria waliokuwa wakizungumza huacha mazungumzo yao.

Yanayofuata baada ya hapo ndiyo kiini cha hoja hii. Aghalabu mtu mmoja hutoa spana, kifuniko cha injini huondolewa, na kabureta huanza kufunguliwa papo hapo, juu ya mawimbi. Plagi hubadilishwa, waya hung'olewa, skrubu moja hudondokea majini. Si ajabu kwamba baada ya taabu yote hiyo sababu hugunduliwa kuwa skrubu ndogo ya hewa, iliyo juu ya kifuniko cha tangi, ambayo mtu alisahau kuilegeza. Uharibifu uliofanywa katika kuitafuta hitilafu huwa umeishinda hitilafu yenyewe.

Ni makosa kuyaita mambo hayo bahati mbaya. Ni makosa pia kudhani kwamba dawa yake ni kuongeza idadi ya mafundi tu. Linalokosekana mtumbwini ni utaratibu wa kufikiri: kuanza na lililo jepesi kupimwa, kugusa kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kukubali jibu ambalo kipimo kimetoa. Utaratibu huo ndio ambao wanafunzi wa sekondari huukariri kwa jina la mbinu ya kisayansi. Kwa hiyo shule zilizo katika mwambao wa Bukoba na Muleba zina wajibu wa kuliingiza somo hili katika maabara zake, nao wajibu huo haujatimizwa maadamu mwanafunzi anaweza kufaulu mtihani wa fizikia na bado asiweze kumweleza baba yake kwa nini injini imegoma.

Uzito wa jambo hili

Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na takriban nusu ya eneo hilo imo Tanzania. Wilaya ya Muleba peke yake ina visiwa vingi vinavyokaliwa na watu, miongoni mwao Bumbire, Ikuza na Goziba. Kwa watu wa huko mtumbwi ndio barabara: hubeba sangara na dagaa, hubeba mgonjwa, hubeba mwalimu anayerejea kazini na mwanafunzi anayekwenda shule ya bweni.

Ziwa lenyewe si la kuchezewa. Wahaya wa kale waliamini kwamba maji na dhoruba vilikuwa chini ya mamlaka ya Mugasha. Elimu ya hali ya hewa inaeleza kwa njia nyingine kile walichokiona. Wakati wa usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka pande za nchi kavu ukakutana ziwani. Hewa yenye joto na unyevu huinuliwa juu, na ngurumo na tufani huzaliwa katika saa zilezile ambazo wavuvi wengi wamo kazini. Mtumbwi ambao injini yake inafanya kazi unaweza kuielekeza omo yake kwenye wimbi, au kukimbilia ghuba. Mtumbwi uliozimika hugeuzwa ubavu na kujazwa maji.

Tena, mitumbwi hiyo si ya wavuvi peke yao inapotokea dharura. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyokuwa na watu 43 ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, wavuvi ndio waliotangulia kufika na kuanza kuokoa. Watu 24 walinusurika na 19 walifariki. Katika mwambao mrefu kama huu, chombo cha kwanza cha uokoaji ni mtumbwi ulio karibu.

Njia ya petroli

Kabla ya kutafuta kosa ni lazima kuijua njia. Katika injini ya kupachika ya kawaida, yenye mipigo miwili na kabureta, petroli husafiri hivi. Hutoka katika tangi lililowekwa ndani ya mtumbwi, ikapita katika mpira wa mafuta. Katikati ya mpira huo kuna puto la kubinya kwa mkono, lenye mshale unaoelekea injini. Ndani ya puto mna vali mbili zinazoruhusu mafuta kwenda upande mmoja tu, kama vali za moyo zinavyofanya kwa damu. Baada ya puto, petroli hupita katika kiungio cha mpira na injini, kisha katika chujio, kisha katika pampu ya mafuta.

Pampu hiyo haina mota yake. Ina kiwambo chembamba kinachochezeshwa na kupanda na kushuka kwa kanieneo katika chumba kilicho chini ya pistoni. Pistoni ikipanda, kiwambo huvutwa na petroli huingia. Ikishuka, kiwambo husukumwa na petroli hutoka. Mwisho wa safari ni kabureta. Humo mna bakuli dogo lenye boya. Bakuli likijaa, boya huinuka na kuifunga sindano ya kuingizia mafuta. Likipungua, boya hushuka na kuifungua. Katika tundu jembamba liitwalo jeti, petroli huvutwa na hewa inayopita kwa kasi katika koo la kabureta. Hiyo ni kanuni ya Bernoulli, aliyoieleza mwaka 1738, ikifanya kazi mwaloni Kemondo kila alfajiri.

Mwanafunzi aiangalie njia hiyo vizuri. Ni mnyororo, na kila pete ya mnyororo hupokea kutoka kwa iliyotangulia. Kuikagua kabureta kwanza ni kuanzia mwisho wa mnyororo, mahali penye vipande vidogo kuliko pengine pote na palipo pagumu kufikiwa. Busara yadai kuanzia kwenye tangi.

Tangi lisilovuta pumzi

Watu husema kwamba pampu huyavuta mafuta. Kwa hakika pampu hupunguza tu kanieneo upande wake. Kinachoyasukuma mafuta ni uzito wa hewa inayokandamiza uso wa petroli ndani ya tangi. Ndiyo sababu kifuniko cha tangi huwa na skrubu ya hewa. Petroli ikitoka, hewa sharti iingie kuchukua nafasi yake.

Skrubu ikiachwa imefungwa, sheria ya Boyle ya mwaka 1662 huanza kutoza kodi yake. Kimo cha uso wa Ziwa Viktoria ni kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapo ni karibu kilopaskali 88, ilhali pwani ya bahari ni 101. Chukua tangi la lita 24 lililojazwa hata zikabaki lita 4 za hewa. Injini ikitumia lita 1 ya petroli, hewa ileile iliyojaza lita 4 sasa hutanuka ijaze lita 5. Kanieneo yake hushuka hadi sehemu nne za tano, yaani kutoka kilopaskali 88 hadi 70 hivi. Mvuke wa petroli hufidia sehemu ya upungufu huo, lakini mwelekeo ni uleule: msukumo hupungua, na pampu ndogo ya kiwambo huanza kushindwa.

Sasa chukua tangi lilelile likiwa nusu tu, lenye lita 12 za hewa. Lita 1 ikitoka, hewa hutanuka kutoka lita 12 hadi 13, na kanieneo hushuka hadi 81 tu. Ili ishuke hadi 70 ni lazima zitoke lita 3. Kwa maneno mengine, kwa kosa lilelile, tangi lililojaa huzima injini mapema zaidi kuliko tangi lililo nusu. Hapo ndipo mvuvi asiyeijua sheria hii anapopotoka. Jana, akiwa na mafuta kidogo, alifika salama. Leo, akiwa na tangi tele, amezimikiwa karibu na pwani. Atailaumu petroli mpya, au kabureta, au jirani mwenye kijicho, asiweze kuamini kwamba tangi lililojaa ndilo lililomwahisha.

Jua nalo huzidisha fumbo. Tangi lililofungwa likiachwa juani mwaloni, hewa na mvuke ndani yake hupata joto na kanieneo hupanda. Injini huwaka kwa mvuto wa kwanza, pengine hata kwa kufurikwa na mafuta. Baada ya muda ziwani kanieneo hiyo ya ziada huisha, na kimya huingia. Kuwaka vizuri pwani, basi, si ushahidi kwamba njia ya mafuta ni nzima.

Puto hueleza mengi

Katika kuitafuta hitilafu, hakuna chombo cha kupimia kilicho rahisi kama lile puto la mpira. Lakini kabla ya kuligusa, usalama hutangulia: abiria wakae, makasia yatolewe, na nanga ishushwe omoni kama kina kinaruhusu, ili mtumbwi uelekee wimbi. Kisha huulizwa maswali mepesi. Je, mafuta yamo? Skrubu ya hewa imelegezwa? Mpira haukukanyagwa na sanduku la barafu wala kukunjwa? Klipu ya swichi ya usalama ipo mahali pake? Maswali hayo manne hayahitaji spana hata moja.

Baada ya hapo puto lishikwe, na hali yake isomwe kama mganga asomavyo mapigo ya moyo.

Likiwa limenywea kama tunda lililokauka, maana yake injini inavuta lakini mafuta hayaji. Kizuizi kipo nyuma ya puto, upande wa tangi: tundu la hewa limeziba, bomba la ndani ya tangi limejaa uchafu, au mpira umebonyea.

Likiwa laini, na halikazi hata likibinywa mara nyingi, ama tangi ni tupu, ama hewa inaingia mahali fulani, ama vali za puto zimechoka. Pete ya mpira iliyopasuka katika kiungio huingiza hewa bila kuonyesha hata tone la petroli nje, maana upande wa kuvuta hunyonya hewa badala ya kuvujisha mafuta. Uwezekano mwingine ni kwamba sindano ya kabureta haifungi, na petroli inafurika kupita bakuli. Harufu na unyevu chini ya kifuniko cha injini hulithibitisha hilo.

Likikaza na kuwa gumu, lakini injini haiwaki na plagi ikitolewa ni kavu, mafuta yamefika mbele na kukwama huko: katika chujio, katika sindano iliyonata, au katika jeti. Plagi ikiwa imelowa petroli, basi mafuta yanafika, na msomaji aache kuitafuta hitilafu katika njia ya mafuta. Aelekee kwenye umeme wa plagi, au asubiri injini iliyofurikwa ikauke.

Na kama injini inaendelea kuunguruma mradi mtu analibinya puto, lakini huzimika akiacha, mkono wa mtu huyo umeigiza kazi ya pampu. Kiwambo cha pampu kimechakaa, au hewa inaingia kidogo kidogo. Mtumbwi unaweza kurudishwa pwani kwa njia hiyo, mtu mmoja akibinya na mwingine akiongoza usukani, na ukarabati ukafanywa mwaloni. Maarifa hayo peke yake yanatosha kuokoa safari.

Mwendo wa injini nao ni ushahidi. Ikikimbia vyema kwa kasi lakini ikazimika inapopunguzwa, jeti ndogo ya mwendo wa polepole yafaa kushukiwa. Ikitulia vizuri kwa mwendo wa polepole lakini ikakatakata inapoongezwa, ama jeti kuu imeziba kiasi, ama njia nzima inapitisha mafuta machache kuliko yanayohitajiwa. Kila dalili hupunguza idadi ya washukiwa. Mtafuta hitilafu anayefuata dalili hafungui kitu mpaka ajue kwa nini anakifungua.

Maji, mchanga na mafuta ya taa

Hitilafu nyingine huletwa ndani ya dumu. Petroli inayofika visiwani huhamishwa kutoka pipa hadi dumu, na kutoka dumu hadi tangi, kwa faneli isiyo na chujio, mara nyingine mvua ikinyesha. Pipa lililo nusu huvuta hewa yenye unyevu, na usiku unyevu huo huganda kuwa matone. Maji na petroli havichangamani. Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja. Ya petroli ina gramu kati ya 0.72 na 0.78. Kwa hiyo maji huzama chini kabisa, mahali hasa ambapo bomba la kunyonyea limewekwa. Injini huwa ya kwanza kunywa kile kilichopaswa kuachwa.

Kinga yake ni nyepesi. Sampuli itiwe katika chupa nyeupe ya kioo na kuachwa itulie kwa dakika chache. Maji yataonekana chini kama tabaka au matone, na mchanga na kutu vitaonekana pia. Dumu liachwe limesimama kwa muda kabla ya kumimina, na sehemu ya mwisho isimiminwe. Chujio liwekwe kwenye faneli. Mambo hayo hayagharimu hata sehemu ndogo ya bei ya kabureta.

Kuchanganya petroli na mafuta ya taa ni jambo jingine. Ni udanganyifu wa kibiashara uliowahi kuisumbua nchi hata EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanzisha mwaka 2010 mpango wa kutia vinasaba katika mafuta ili yaliyochakachuliwa yatambulike. Mafuta ya taa huchemka kwenye joto la nyuzi 150 hadi 300 hivi za Selsiasi, juu zaidi ya sehemu nyepesi za petroli. Hayageuki mvuke upesi, kwa hiyo injini baridi huwaka kwa shida, hutoa moshi na kukosa nguvu. Hapa mwalimu wa kemia ana somo zima la ukenekaji, na mfano wake umo ndani ya mtumbwi.

Kipimo cha oili nacho kisibahatishwe. Injini ya mipigo miwili hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli. Kitabu cha injini kikitaja uwiano wa 50 kwa 1, lita 20 za petroli zinahitaji mililita 400 za oili; kikitaja 25 kwa 1, zinahitaji mililita 800. Ni hesabu ya uwiano ya kidato cha kwanza. Ikumbukwe pia kwamba jeti ikiziba kiasi, si petroli tu inayopungua. Oili hupungua pamoja nayo, na joto ndani ya silinda huongezeka. Injini inayolazimishwa kukimbia katika hali hiyo inaweza kunata pistoni yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta: hitilafu ya senti huwa hasara ya injini nzima.

Kosa la waya

Desturi moja inastahili kukemewa waziwazi, nayo ni kuichokoa jeti kwa waya au sindano ya kushonea. Tundu la jeti limetobolewa kwa kipimo. Eneo la tundu hufuata mraba wa kipenyo chake. Kwa hiyo jeti ya milimita 1.0 ikipanuliwa hadi milimita 1.1, upana ambao jicho halitautambua, eneo lake huongezeka kwa asilimia 21. Injini itakula petroli zaidi, itachafua plagi, na mwenye chombo atashangaa kwa nini faida yake inayeyuka. Tena, hewa ya Bukoba ni nyepesi kuliko ya usawa wa bahari, hivyo kabureta iliyopimiwa pwani ya bahari tayari hutoa mafuta mengi kidogo kwa hewa iliyopo. Hakuna sababu ya kuyaongeza. Jeti husafishwa kwa petroli safi na kupulizwa kwa hewa, tena nchi kavu, juu ya kitambaa cheupe ambacho kipande kikidondoka kitaonekana.

Hatari ya moto pia isisahauliwe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, na hutuama chini ya mtumbwi mahali usipoonekana. Karabai ya dagaa, sigara, au cheche ya plagi inayojaribiwa huku petroli imemwagika, vyatosha kuuteketeza mtumbwi na waliomo. Wala petroli isivutwe kwa mdomo ili kuihamisha kutoka dumu hadi dumu. Tone likiingia mapafuni huyaunguza vibaya.

Mahali pa shule

Mwalimu Julius Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule isimtenge kijana na maisha ya watu waliomzunguka. Miaka mingi imepita tangu wakati huo, lakini katika mwambao wa ziwa pengo lingali wazi. Sababu moja ni lugha. Mwanafunzi amepata elimu ya msingi kwa Kiswahili. Afikapo sekondari hufundishwa sayansi kwa Kiingereza, na kanuni anazojifunza hubaki katika lugha ambayo mwaloni haizungumzwi. Hata hivyo maneno yapo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Mwalimu anayefundisha kwa Kiingereza hazuiwi kumtaka mwanafunzi aieleze skrubu ya hewa kwa Kiswahili, au kwa Kihaya, kama atakavyomweleza nahodha. Asiyeweza kueleza hivyo hajaelewa, amekariri tu.

Maabara haihitaji petroli hata tone moja. Chupa ngumu isiyobonyea yenye maji, kifuniko kilichotobolewa na kupitishwa mrija uliozibwa pembeni kwa nta, vyatosha kuonyesha kwamba mnyonyaji hushindwa kadiri hewa isivyoingia. Jaribio lirudiwe chupa ikiwa imejaa, kisha ikiwa nusu, na wanafunzi wapime kiasi cha maji kilichotoka kabla ya kushindwa. Sheria ya Boyle itajitokeza yenyewe. Mafuta ya kupikia yaliyomiminwa juu ya maji yataonyesha tabaka za densiti. Puto la zamani lililopatikana kwa fundi, likikatwa katikati, litafundisha vali za injini na vali za moyo kwa kipindi kimoja. Kabureta mbovu iliyosafishwa na kukauka itafaa kuliko picha ya ubaoni.

Kisha lije zoezi la kufikiri. Mwalimu ataje dalili moja: puto limenywea, tangi limejaa, injini ilikimbia dakika kumi. Wanafunzi waorodheshe sababu zinazowezekana, wachague kipimo chepesi cha kuzitenganisha, na waeleze ni jibu gani litakalowafanya wabadili mawazo yao. Hapo ndipo sayansi inapokoma kuwa orodha ya majina ya wanasayansi wa Ulaya na kuwa mali ya mwanafunzi.

Pingamizi na majibu

Wapo watakaosema kwamba shule ya sekondari si gereji, na kwamba kazi hii ni ya vyuo vya ufundi. Ni kweli kwamba fundi hafunzwi kwa vipindi viwili vya fizikia, na vyuo vya VETA na chuo cha uvuvi cha Nyegezi, Mwanza, vina kazi yao. Lakini kinachodaiwa hapa si kumfanya kila mwanafunzi kuwa fundi. Kinachodaiwa ni kwamba daktari, mwalimu au mhasibu aliyezaliwa Muleba, akiwa abiria mtumbwini injini inapozimika, aweze kuuliza swali la kwanza lililo sahihi.

Wengine watasema kwamba injini za mipigo miwili zinaondoka, na kwamba injini za mipigo minne zenye kusukumiwa mafuta kwa mitambo ya elektroniki zitayafanya maarifa haya yapitwe na wakati. Jibu ni kwamba tangi litabaki, mpira utabaki, maji yatazidi kuzama chini ya petroli, na hewa itazidi kudai kuingia mahali palipotoka mafuta. Tena mitambo mipya huvumilia maji na uchafu kidogo zaidi kuliko kabureta ya zamani, na haifunguliki kwa spana moja. Kadiri injini inavyokuwa ngumu kufunguliwa, ndivyo akili ya kukagua kabla ya kufungua inavyozidi kuwa na thamani.

Wapo pia watakaosema kwamba wavuvi wazoefu hawahitaji kufundishwa na watoto wa shule. Hili ni pingamizi lenye heshima, na sehemu yake ni kweli. Mwaloni kuna wazee wanaoitambua hitilafu kwa kusikia tu mlio. Yafaa waalikwe darasani, wasikilizwe, na wanafunzi waandike wanayoyasema na kuyapima. Mzee anajua kwamba tangi lililofungwa huzima injini. Mwanafunzi aweze kumweleza kwa nini tangi lililojaa huizima mapema zaidi. Maarifa hayo mawili yakikutana, kila upande utaondoka na kitu usichokuwa nacho.

Usiku utakapoingia tena, mitumbwi itasukumwa majini kutoka Nyamkazi, Kemondo na mialo ya Muleba. Katika baadhi yake watakuwamo vijana waliomaliza kidato cha nne, ambao waliwahi kuandika sheria ya Boyle katika daftari na kupewa alama ya vema. Ziwa halitawauliza alama walizopata. Litawauliza kama skrubu ya hewa imelegezwa, na yafaa shule iwe imewatayarishia jibu.